Dondoo muhimu: Hollywood ya zamani kwa watazamaji wa Migori na Homa Bay

Ndugu akikununulia DVD Marekani, atazame kwanza alama ya dunia nyuma ya kasha. Ikiwa na namba 1, deki nyingi za huku, zilizopangiwa namba 5, zitaikataa. Atafute yenye 0 au ALL, au wewe ununue deki inayosoma zote. Filamu ya *Mogambo* (1953), iliyopigwa Afrika Mashariki, inastahili gharama hiyo.

Huna deki? Filamu za *Charade* (1963) na *The General* (1926) ya Buster Keaton hazina hakimiliki Marekani. Internet Archive inazitoa bure. Pakua kwa bando la usiku, utie kwenye flashi ya kuchomeka kwenye runinga. Faili ikizidi GB 4, flashi ya FAT32 haiipokei: chagua nakala ndogo, runinga ya kawaida haitaonyesha tofauti kubwa.