Kabla ya Kumtuhumu Mhazini, Tazama Saa

Ramadhani ya mwaka 2025 nilitunza hifadhidata ya michango ya futari ya jumuiya yetu hapa Kampala, kwa programu ya PostgreSQL. Jioni moja nilihesabu michango ya tarehe 10 Machi, nikapata 41. Dada yetu mhazini, kwa ulizo lile lile, alipata 36. Minong'ono ikaanza: mitano imekwenda wapi?

Mimi niliilaumu faharasa, kwa kuwa siku mbili kabla nilikuwa nimeiweka kwenye safu ya wakati wa kupokea. Nikaijaribu. Nilizima kwa muda enable_indexscan, enable_indexonlyscan na enable_bitmapscan, nikauliza tena. Jibu likabaki 41. Faharasa ni njia ya mkato ya kuzifikia rekodi. Ikiwa nzima, haibadilishi jibu.

Ndipo nikaandika SHOW timezone kwenye kompyuta zote mbili. Yangu ilijibu Africa/Kampala, yake UTC. Safu ya aina ya timestamptz huhifadhi wakati mmoja usiobadilika, lakini tarehe yake hufuata ukanda wa saa wa anayeuliza. Kampala imetangulia UTC kwa saa 3. Aliyechanga saa nane na nusu usiku, wakati wa daku, kwa UTC bado ni saa tano na nusu usiku, tarehe ya nyuma. Michango yote mitano ilikuwa ya daku. Kwa mhazini ilikaa chini ya tarehe 9. Usiku uliofuata hakuna aliyechanga saa hizo.

Tiba yake ni kutaja mipaka miwili pamoja na ukanda:

wakati >= '2025-03-10 00:00+03' AND wakati < '2025-03-11 00:00+03'

Usiugeuze wakati kuwa tarehe ndani ya sharti, maana faharasa ya kawaida ya safu hiyo haitatumika. Wala usiishie 23:59:59. PostgreSQL hupima hadi sehemu ya milioni ya sekunde, hivyo rekodi za sekunde ya mwisho zitapotea.

Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatufunza kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu. Siku ile fedha zilikuwa kamili. Kilichopungua ni subira yetu. Tulimwomba dada yetu radhi, naye akatusamehe.

Wabillahi tawfiq.