Jina na Jengo: Ushahidi wa Majina ya Mahali katika Mji wa Morogoro

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi wa isimu historia huanza utafiti wakiamini kwamba jina la mahali ni hati: likisomwa vizuri, litaeleza nani alifika pale, lini, na alizungumza lugha gani. Imani hiyo ina msingi, lakini ina hatari pia. Makala haya yanachunguza majina matatu yanayomkabili mtu anayetoka kwenye stesheni ya zamani ya reli mjini Morogoro, akapita sokoni, kisha akafuata Barabara ya Boma kuelekea Milima ya Uluguru. Kabla ya hayo, tutalitazama jina la mji ulioutangulia mji wa sasa. Hoja yetu ni kwamba umri wa jina na umri wa kitu kinachobeba jina hilo ni mambo mawili tofauti, na anayeuchukua mmoja kuwa ushahidi wa mwingine atapotoka.

2.0 Simbamwene: jina lililobaki bila jengo

Henry Morton Stanley alipopita chini ya Uluguru mwaka 1871 aliukuta mji wenye ukuta wa mawe, minara kwenye pembe, na malango manne yenye milango ya mbao iliyonakshiwa. Mji huo uliasisiwa na Kisabengo, kiongozi wa Kizigua, na wakati huo ulitawaliwa na binti yake. Stanley aliporudi mwaka 1872, mafuriko yalikuwa yameharibu sehemu ya ukuta. Leo malango hayo hayapo. Jina Simbamwene limebaki, likitajwa kuwa la mji na la binti huyo mtawala.

Jina hili lina sehemu mbili, simba na mwene. Ya pili ina uhusiano na mwenye ya Kiswahili, na katika lugha kadhaa za Kibantu hutumika kwa maana ya mtawala. Je, ni Kizigua, Kiluguru au Kiswahili? Katika uainishaji wa Guthrie lugha hizi zote zimo katika kanda G: Kizigua G31, Kiluguru G35, Kiswahili G42. Kwa lugha zilizo jirani kiasi hiki, umbo peke yake haliwezi kuamua suala hilo. Historia ya Kisabengo ndiyo inayotuelekeza kwa Wazigua, wala si mofolojia.

3.0 Stesheni: jina changa kuliko jengo

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ulikuwa mradi wa Wajerumani. Hata hivyo, neno stesheni limetokana na Kiingereza. Kiswahili kimelipa irabu ya mwisho, na kimeuacha mfuatano wa konsonanti st- mwanzoni, kama ilivyo katika staha na stahili zenye asili ya Kiarabu.

Mtafiti ambaye angekuwa na jina hili tu mkononi angehitimisha kwamba reli ililetwa na Waingereza, ambao majeshi yao yaliingia Morogoro Agosti 1916. Angekosea. Wajerumani walituachia shule na hela, lakini istilahi za reli zilizodumu, kama vile reli, treni na stesheni, ni za mtawala aliyefuata. Tangu mwaka 2024, treni za reli mpya ya kisasa zilipoanza safari zake, mji una stesheni mbili. Kwa hiyo neno hili peke yake halitoshi tena kumwelekeza msafiri.

4.0 Boma: jina moja, maana zilizopandana

Neno boma lilikuwapo katika Kiswahili kabla ya utawala wa Kijerumani, kwa maana ya ua au ngome. Kwa maana hiyo, hata Simbamwene lilikuwa boma. Wajerumani walipojenga makao ya utawala yenye kuta imara, wenyeji hawakuhitaji kukopa neno, walilipanua lao. Maana ikahama kutoka kwenye ukuta hadi kwenye mamlaka yaliyomo ndani yake. Ndiyo sababu tunasema ndoa ya bomani bila kufikiria ukuta wowote. Kiambishi -ni hapa hakionyeshi mahali tu, bali kinaitaja serikali yenyewe.

5.0 Kingalu: jina kongwe kuliko jengo

Soko kuu la Morogoro lina jina la Chifu Kingalu, na jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2021. Kingalu si jina la mtu mmoja. Ni jina la cheo cha watawala wa Kinole, waliosifika kwa uwezo wa kuleta mvua, na hurithiwa kwa upande wa mama kama desturi ya Waluguru inavyotaka. Machifu walifutiwa mamlaka ya kisheria Tanganyika mwaka 1963. Hivyo jengo changa limebeba mojawapo ya majina makongwe, kinyume kabisa cha stesheni.

Jina hilo pia linatukumbusha walioufanya mji huu uwe na soko: watu wa milimani wanaoteremka na ndizi na mboga kwa njia za miguu. Njia hizo, vijito zinavyovivuka na mawe wanapopumzikia vina majina katika Kiluguru, lakini kwa sehemu kubwa majina hayo yamo vinywani tu.

6.0 Hitimisho

Tumeona mahusiano manne: jina lililodumu baada ya jengo kutoweka, jina lililofuata jengo, jina la zamani lililopata maana mpya, na jina la kale lililopewa jengo jipya. Hata Morogoro yenyewe iliandikwa Mrogoro katika hati za wakati wa Wajerumani. Anayetafuta maana ya jina hilo aanze na tahajia za zamani, si umbo la leo.

Tunapendekeza kwamba kila anayekusanya majina ya mahali aandike mambo matatu kwa kila jina: tarehe ya kwanza ya jina katika maandishi, tarehe ya kitu chenyewe, na lugha ya wanaolitumia. Aidha, kazi ianzie milimani. Stesheni na Boma zina hati zinazoweza kusubiri; majina ya njia za miguu yanawategemea wazee, na wazee hawasubiri.