Mas'ala ya Kukata Mshahara wa Mdaiwa kwa Hukumu

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, na ijulikane ya kuwa deni ni haki ya mwanadamu iliyo shingoni mwa mtu, wala haimwondokei ila kwa kulipa au kusamehewa. Na aliye na uwezo kisha akachelewesha, huyo amedhulumu. Ndivyo ilivyokuja katika hadithi iliyo sahihi.

Mfano wake: Zaid ni mkulima wa mpunga wa Mbingu, katika bonde la Kilombero, penye kituo cha reli ya TAZARA baina ya Ifakara na Mlimba. Amemwuzia Amri, mwalimu wa skuli ya serikali, magunia ya mchele kwa mkopo, kwa shilingi 900,000. Muda umefika na Amri hakulipa. Zaid ameshitaki, na hakimu amehukumu alipwe. Amri hana shamba wala duka. Alicho nacho ni mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi. Je, yafaa ukatwe?

Ama sheria ya dola, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, ya mwaka 1966, yampa hakimu uwezo wa kumwamrisha mwenye kulipa mshahara azuie sehemu yake, ama kwa mara moja ama kwa mafungu ya kila mwezi. Na sheria hiyo hiyo imekataza kukamata nguo za lazima za mdaiwa na ahali yake, na vyombo vya kupikia, na matandiko, na zana za fundi. Na kanuni ya watumishi wa umma ni kuwa makato yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Kwa hisabu hiyo Amri aweza kukatwa hata shilingi 300,000, na deni likaisha kwa miezi mitatu.

Ama katika madhehebu ya Imam Shafi, ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa ni mali ya Amri iliyo kwa mwajiri wake, na mdai anayo haki ndani yake. Lakini kazi ya mwezi ujao bado si mali. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amebainisha katika Minhaj ya kuwa aliyefilisika, mali yake ikiisha kugawanywa, halazimishwi kuchuma wala kujiajirisha ili alipe baki. Basi Zaid hawezi kumfanya Amri mtumwa wa deni lake. Walakini Amri akifanya kazi kwa hiari yake akapata, kile kinachozidi masurufu yake na ya wale walio juu yake ni cha kulipia deni, na kukizuia ni dhulma.

Na Amri akidai ya kuwa hana ziada, hasadikiwi kwa kiapo peke yake, maana deni hili limetokana na kununua mali. Hana budi kuleta mashahidi wawili waadilifu wanaoijua hali yake ya ndani. Wala anasa hazihisabiwi katika haja.

Ikithibiti ya kuwa masurufu ya nyumba yake ni shilingi 350,000, iliyozidi ni 100,000, na deni litakwisha kwa miezi tisa. Hapo yampasa Zaid asubiri, hata kama sheria yamruhusu zaidi. Kwani Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, aliye katika dhiki apewe muhula. Wala asiongeze hata senti moja kwa sababu ya kungoja, maana hiyo ni riba.

Na Amri naye akumbuke ya kuwa Zaid ana watoto, na masika yakikaribia ataka mbegu na ujira wa vibarua. Lililo bora ni kumwendea mwenyewe kabla ya kuitwa mahakamani, wakaandikiana mafungu mbele ya mashahidi. Na mwajiri aliyekata fedha hizo asizikalie, kwani ni amana mkononi mwake.

Mtoto wa mdaiwa asilale na njaa kwa ajili ya deni, wala mtoto wa mdai asilale na njaa kwa ajili ya ukaidi wa mdaiwa.

Wallahu a'lam.