Somo: Wachezaji wawili wenye nguvu sawa



Kambini wengi wetu tunacheza dame kwa vifuniko vya chupa. Chesi nayo huchezwa kwenye ubao wenye miraba, 64 kwa jumla, na kila mtu ana kete 16. Anayemzingira mfalme wa mwenzake hadi asiwe na pa kukimbilia ndiye mshindi. Lakini wachezaji wakilingana, mara nyingi hakuna anayeshinda. Hapo mmoja husogeza kete, humwambia mwenzake "sare?", hubonyeza saa, kisha hungoja. Mwenzake hukubali, au hukataa kwa kusogeza kete yake tu, bila hata neno.

Septemba 1984, mjini Moscow, bingwa wa dunia Anatoly Karpov alikutana na kijana Garry Kasparov. Kanuni ilisema atakayeshinda michezo 6 kwanza ndiye bingwa, na sare hazihesabiwi. Mwisho haukuwekwa. Baada ya michezo 9 Karpov alikuwa na ushindi 4, Kasparov hana hata mmoja. Ndipo kijana akaacha kushambulia kwa haraka, akajilinda, zikafuata sare 17 mfululizo. Karpov akapata ushindi wa 5, lakini wa 6 haukuja. Kasparov naye akajipatia 3. Miezi 5 ikapita: michezo 48, sare 40.

Tarehe 15 Februari 1985 Florencio Campomanes, rais wa shirikisho la chesi la dunia, alisimamisha pambano bila mshindi, akisema wachezaji wamechoka. Wao wenyewe wakasema wako tayari kuendelea! Viongozi, tazameni hapo. Pengine nia yake ilikuwa njema, lakini manung'uniko yalibaki. Mimi naona kosa lilianza siku ile kanuni ilipoandikwa bila mwisho.

Mwaka uleule walianza upya, sifuri kwa sifuri, michezo isiyozidi 24. Katika mchezo wa 24 Karpov alikubali kushindwa, na Kasparov akawa bingwa kwa pointi 13 kwa 11, akiwa na miaka 22. Karpov alipewa nafasi ya kurudiana naye mwaka 1986.

Mjadiliane katika kikundi: Kwenye ugomvi wa shamba au wa bomba la maji, nani kwetu anaweza kusema "sare" kwanza bila kuitwa mwoga? Na mazungumzo yetu, yamepangiwa siku ya kumalizika?