Mgonjwa Darasani

Mwaka 1904 kijana Walter Clement Noel alitoka kisiwani Grenada akaenda Chicago kujifunza utabibu wa meno. Kabla mwaka haujaisha alilazwa hospitalini, na waganga wakaona chembe za damu yake zimepinda mfano wa mundu. Daktari James Herrick aliyaandika hayo mwaka 1910. Ndio ugonjwa tuuitao leo selimundu. Noel aliugua mara kwa mara, lakini mwaka 1907 alimaliza masomo, akarudi kwao kutibu meno ya watu, hata alipofariki mwaka 1916.

Twamtaja kwa ajili ya wanachuo wetu, maana ugonjwa huo umeenea sana kwetu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na maumivu huja ghafula, pengine usiku wa kuamkia mtihani. Asubuhi kijana hana kidonda cha kuonyesha. Basi huitwa mvivu. Hata sisi mapadre tumewahi kuwaita hivyo, na twakiri.

Ndugu mwanachuo, usifiche. Mwambie mlezi wako na mwenzako wa chumbani mapema, ungali na nguvu. Kunywa maji, jikinge na baridi, usiache dawa. Nanyi walimu, mpangieni siku nyingine ya mtihani, na kitanda cha ghorofa ya chini.