Dawa ya Nywele, Saratani na Ukomo wa Muda wa Kudai

Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani, kutokana na malalamiko ya wanawake walioambiwa na mawakili kwamba wamechelewa. Wengi walidhani kuwa, kwa vile mashauri ya dawa ya kunyoosha nywele, yaani rilaksa, yamekusanywa tangu Februari 2023 mbele ya jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho mjini Chicago, basi nao wamo. Hawamo. Mkusanyiko huo ni wa maandalizi tu, ili ushahidi ulio wa wote uchukuliwe mara moja. Kila mdai hubaki na shauri lake, lenye jina lake na ugonjwa wake, na asiyefungua shauri hana shauri.

Chimbuko la madai mengi ni utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uliochapishwa Oktoba 2022, uliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11, ambapo 378 kati yao waliugua saratani ya mfuko wa uzazi. Ilikadiriwa kwamba asilimia 1.64 ya wasiotumia dawa hizo wangeugua kabla ya kutimiza miaka 70, na asilimia 4.05 ya waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka. Uhusiano huo haujawa uthibitisho, na watengenezaji wanayakana madai.

Hatari kubwa ni ukomo wa muda, yaani kipindi ambacho kikipita mahakama huyakataa madai hata yakiwa ya haki. Tennessee hutoa mwaka 1, Illinois miaka 2, na mara nyingi hesabu huanza siku mgonjwa alipojua, au alipopaswa kujua, chanzo cha madhara. Matibabu hayasimamishi hesabu hiyo, wala kungoja habari za Chicago. Revlon, kampuni mojawapo kati ya watengenezaji hao, ilipoomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2022, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai ya aina hii dhidi yake iliwekwa kuwa 11 Aprili 2023. Muda hausimami.

Kuhusu anayestahili, inatosha kusema kwamba madai mengi ni ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya ovari; mengine ataulizwa wakili.

Utafiti wa Oktoba 2022 haukukusanya majina ya bidhaa, kwa hiyo ni mdai mwenyewe atakayepaswa kueleza alipaka dawa gani, kuanzia mwaka gani, na kila baada ya wiki ngapi. Kopo lililobaki nusu chini ya sinki la bafuni, lebo yake ikiwa imeanza kubanduka kwa unyevu, lisitupwe; lipigwe picha pande zote, lifungwe katika mfuko, na liwekwe pamoja na risiti za saluni na majibu ya maabara yenye tarehe ya ugonjwa kugunduliwa, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo wakili ataiuliza kwanza.