Ngitili, Shule na Kisiki

Kila mwaka mvua zinyeshapo, shule nyingi hupanda miti. Wageni huja, hotuba hutolewa, na kila mwanafunzi hupewa mche wake. Lakini mtu akipita mahali pale mwezi wa Septemba, aghalabu haoni ila vijiti vikavu. Nataka kueleza kwa nini huwa hivyo, na jinsi wazee wa kwetu Shinyanga walivyowafundisha watoto kutunza miti pasipo hotuba hata moja.

Yafaa kwanza msomaji ajue habari za nchi yenyewe. Zamani Usukumani palikuwa na misitu ya migunga na miti mingine. Tangu miaka ya 1920 misitu mingi ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, maana waliwaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, na ng'ombe pia. Miaka ya 1970 watu walipohamishiwa katika vijiji, wengi waliyaacha mbali malisho yao waliyoyahifadhi, na yasiyo na mwangalizi hayakudumu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wakati huo ngitili zilizosalia zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Ngitili ni nini? Ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua, majani yakaota na kukua, ikafunguliwa wakati wa kiangazi nyasi za kwingine zinapokwisha. Tena haifunguliwi yote mara moja. Hulishwa kipande kwa kipande. Wengine wana ngitili ya nyumba yao, na nyingine ni za kijiji kizima. Humo hupatikana pia kuni, dawa, asali na nyasi za kuezekea. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini, na shauri lake laweza kufika mbele ya dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma.

Sasa natumaini msomaji atauliza, mtoto yumo wapi katika habari hizi? Yumo katikati kabisa. Ngitili kwa kawaida haina ua. Mpaka wake ni kichuguu, au njia ya miguu, au mbuyu, na wachungaji ni watoto. Mtoto wa miaka minane asipoujua mpaka huo, sheria zote za wazee ni bure. Mimi nilionyeshwa mpaka na babu kwa kutembea naye kuuzunguka, mara tatu au nne, mpaka nikaweza kuuzunguka peke yangu nikimtajia kila alama. Hakuniambia habari za mazingira. Neno hilo nililikuta shuleni. Aliniambia tu kwamba ng'ombe wakiingia humu sasa, mwezi wa Agosti ndama watakufa, na maziwa ninayokunywa yatakwisha. Hayo niliyaelewa vizuri sana! Na kiangazi kilipofika, nyasi zikiwapo, alinisifu mbele ya wageni.

Shuleni mambo ni kinyume. Mara nyingi kumwagilia miti ni adhabu. Aliyechelewa kengele abebe ndoo mbili. Aliyepiga kelele bwenini achimbe mashimo. Sisemi hivi kwa kuwalaumu waalimu, kwa kuwa maji lazima yabebwe na mtu. Lakini mtoto anayeuona mti siku za kosa lake tu, atajifunza nini ila kuuchukia? Tena mche uliopandwa Februari hukutana na kiangazi mwezi wa Mei, na Juni shule hufungwa. Mizizi haijashuka, na mwenye mti yuko kwao likizoni.

Kwa hiyo naona yafaa tuanze na visiki. Miti mingi ya ngitili haikupandwa na mtu. Ilichipua yenyewe kutoka katika mizizi iliyobaki ardhini, ilipopewa nafasi. Kule Dodoma njia hii wanaiita kisiki hai. Mtoto huchagua kisiki chenye machipukizi mengi. Huacha machipukizi yenye nguvu na yaliyonyoka, mawili mpaka matano, na mengine huyakata karibu na shina kwa kisu kikali. Halafu hupogoa vitawi vya chini, asipite nusu ya urefu, na kufunga kitambaa ili watu wajue kwamba mti una mwenyewe. Baada ya miezi michache hurudi kukata yaliyochipua tena. Hapana haja ya ndoo, maana mizizi imeshuka zamani, na likizo haiudhuru mti ila mbuzi wakiufikia. Kazi hii aiweza hata mtoto wa darasa la tatu, mkubwa akimshikia kisu mara ya kwanza.

Nyumbani nako liko la kufundisha, hasa jikoni, ambako wavulana hatupelekwi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva upesi, na sufuria yenye kifuniko hula kuni chache. Dada zetu wayajua hayo kwa sababu ndio wanaozifuata kuni mbali. Kama kaka naye angetumwa kuni, nadhani kifuniko kisingesahauliwa!

Hapa shuleni petu, nyuma ya uwanja wa mpira, nimehesabu visiki 43 vyenye machipukizi, na kila Jumamosi hufyekwa pamoja na nyasi. Kidato cha Kwanza wana wanafunzi 80, basi kisiki kimoja chaweza kupewa wawili wawili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali, ili wakati wa likizo yule wa karibu apite kuangalia mbuzi. Viongozi wa zamu wameombwa wakubali kwamba kazi hiyo isiandikwe kamwe katika daftari la adhabu. Vitambaa tutavipata kwa fundi cherehani.